Aliyehama ni Nani? Kura za Wakenya Zinavyosonga Kabla ya Uchaguzi wa Urais

Agosti 2022 Rais Uhuru Kenyatta aliwaomba wapiga kura wa Mlima Kenya, eneo la Wakikuyu na majirani zao, jambo moja: wampe kura Raila Odinga, mpinzani wake wa miaka mingi. Hao ndio watu waliommiminia yeye kura mwaka wa 2013 na tena 2017. Walikataa. Kaunti ya Kiambu, nyumbani kwa Uhuru, karibu watu watatu kati ya kila wanne waliopiga kura walimchagua William Ruto, naibu wake ambaye walikuwa wamekosana naye kwa miaka minne. Si kwamba Raila alikuwa amekosa maandalizi. Alimteua Martha Karua wa Kirinyaga, huko huko Mlimani, kuwa mgombea mwenza, alikuwa na serikali nyuma yake, na tafiti kadhaa kubwa za maoni za wiki za mwisho zilimwonyesha akiongoza.

Wachambuzi wengi walisema basi Mlima umehama. Mimi naona walimtazama mtu asiyehama.

Rudi nyuma kidogo. Tangu 2013 wakazi wa Mlima walikuwa wakiambiwa na Uhuru mwenyewe, jukwaani na kwa lugha yao, kwamba atatawala miaka kumi kisha amuunge mkono Ruto kwa miaka kumi mingine. Walikuwa pia wakiambiwa kwamba Raila ni hatari: ataleta vurugu, ataharibu biashara, hafai kukabidhiwa nchi. Kampeni mbili nzima zilijengwa juu ya mambo hayo mawili. Halafu tarehe 9 Machi 2018 Uhuru na Raila wakasimama kwenye ngazi za Harambee House wakapeana mikono, wiki chache tu baada ya Raila kujiapisha kuwa "rais wa wananchi" pale Uhuru Park. Kuanzia siku hiyo ahadi ya Ruto ikafifia, na yule aliyekuwa hatari akawa ndugu.

Mpiga kura wa Nyeri au Murang'a alifanya nini? Alibaki na yale aliyofundishwa. Ukimuuliza mwaka wa 2022 kwa nini amemwasi kiongozi wake, jibu lililosikika mara nyingi lilikuwa kwamba yeye hajaasi chochote, amelipa deni ambalo Uhuru aliahidi kwa niaba yake. Kwa mtazamo huo aliyegura kambi ni rais.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kuelekea uchaguzi wa Agosti 2027 jamii kadhaa za Kenya zinaombwa jambo lile lile, zivuke zimfuate kigogo, na mijadala mingi inakwenda kana kwamba kigogo akivuka watu nao wamevuka. Historia ya kura zetu haisemi hivyo.

Kwanza, kwa nini vigogo wanavuka kila mara? Wengi hujibu "tamaa" na kuishia hapo. Tamaa ipo, lakini kuna hesabu pia, na hesabu hiyo imo kwenye Katiba. Ibara ya 138 inamtaka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zote halali, na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani 24 kati ya 47. Sensa ya 2019 iliwahesabu Wakikuyu, jamii kubwa kuliko zote nchini, kuwa karibu asilimia 17 ya Wakenya. Hakuna jamii inayoweza kumfikisha mtu wake Ikulu peke yake, wala mbili haziwezi bila wasaidizi.

Mambo hayakuwa hivyo zamani. Mwaka wa 1992 Daniel arap Moi alishinda kwa asilimia 36 tu, kwa sababu Kenneth Matiba, Mwai Kibaki na Jaramogi Oginga Odinga waligawana kura za upinzani. Mwaka wa 1997 alishinda tena kwa takriban asilimia 40. Sheria ya wakati huo ilimtaka mshindi awe mbele ya wenzake na apate robo ya kura katika mikoa mitano kati ya minane. Kwa hiyo ustadi wa siasa ulikuwa kuwagawanya wapinzani. Tangu Katiba ya 2010 ustadi umegeuka, sasa ni kukusanya. Kila baada ya miaka mitano mtu anayetaka urais hulazimika kushona muungano mpya, na ukishashonwa, vipande vyake huanza kuvutana mara tu baada ya kiapo, kwa kuwa kila kipande kinajua uchaguzi ujao utakuwa na mshono mwingine.

Vyama navyo ni matatu: unapanda ukielekea unakokwenda, ukifika unashuka, na hakuna anayelilia gari. Ruto amekuwa KANU, akawa ODM, akaongoza URP, akaingia Jubilee, akaishia UDA, chama kilichokuwa na jina jingine hadi kambi yake ilipokichukua. Raila alipitia Ford-Kenya, NDP, KANU, NARC kupitia LDP, kisha ODM, na mwaka wa 2022 akagombea kupitia muungano wa Azimio. Kibaki alitetea kiti chake mwaka wa 2007 kwa PNU, muungano uliokuwa na umri wa miezi michache. Mwaka wa 2021 mamia ya Wakenya walipoingia kwenye mtandao wa serikali kuangalia usajili wao walikuta wameandikishwa kuwa wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi hata kuviulizia. Msajili wa vyama akalazimika kufungua njia ya watu kujiondoa. Katika nchi ambapo mtu anaweza kuwa mwanachama bila kujua, kuuliza kama "amehama chama" ni kuuliza swali dogo mno.

Uaminifu wa mpiga kura uko wapi basi, kama hauko kwenye chama? Jibu rahisi ni kabila, na haliwezi kupuuzwa. Mwaka wa 2022 Raila alipata karibu kura zote za Siaya, Homa Bay na Kisumu, kaunti za Waluo wenzake huko Nyanza, na Ruto vivyo hivyo huko Bomet na Kericho kwa Wakalenjin wenzake. Lakini kabila halielezi Kiambu kumkataa Karua na kumchagua mtu wa Bonde la Ufa. Halielezi pia Nairobi, ambako Raila alishinda kura ya urais ilhali kiti cha ugavana kikaenda kwa Johnson Sakaja wa UDA. Watu wale wale, foleni ile ile, debe hili na debe lile. Wanasiasa walikuwa wakihubiri "suti ya vipande sita", kwamba ukichagua rais wa kambi yetu uchague na gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa kike na mwakilishi wa wadi wa kambi hiyo hiyo. Maelfu ya wakazi wa jiji walichagua vipande walivyotaka.

Nadhani uaminifu wa mpiga kura Mkenya uko kwenye masimulizi: nani ametukosea, nani tunamdai, na nani akiingia tutaumia. Kabila linaamua masimulizi yapi utayasikia kwanza, nyumbani, kanisani au msikitini, na kwenye redio za lugha za mama. Simulizi likishasikika na kuaminika, ni kazi ngumu kulifuta, hata kwa yule aliyelitunga.

Sasa tazama mara mbili ambapo jamii nzima zilivuka kweli, kwa sababu huko ndiko kuna funzo la 2027.

Ya kwanza ni 2002. Tarehe 14 Oktoba, Uhuru Park, Raila alitamka "Kibaki Tosha", na wafuasi wake wa Nyanza wakamfuata Kibaki, Mkikuyu, dhidi ya Uhuru aliyeteuliwa na Moi. Kibaki alipopata ajali ya barabarani na kulazwa London, Raila ndiye aliyezunguka nchi akimpigia debe. NARC, muungano wao, ilipata asilimia 62 ya kura. Kilichowavusha watu hakikuwa mapenzi kwa Kibaki. Wote walikuwa wamechoshwa na KANU, chama cha Moi, na kila jamii ilikuwa na orodha yake ya madhila ya miaka 24 ya Moi. Adui alikuwa mmoja.

Ya pili ni ya kushangaza zaidi. Mwaka wa 2007 Bonde la Ufa lilimpa Raila kura kwa wingi, na Ruto alikuwa mmoja wa vinara wa ODM, chama cha Raila, waliojiita Pentagon. Kibaki alipotangazwa mshindi, ghasia zikazuka. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafurushwa makwao. Sehemu mbaya zaidi ya maafa hayo ilitokea kati ya Wakalenjin na Wakikuyu katika Bonde la Ufa lenyewe. Tarehe 1 Januari 2008 watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomewa humo. Baada ya hayo ungetarajia jamii hizi zisikae kambi moja kwa kizazi kizima.

Miaka mitano baadaye zilipiga kura pamoja. Desemba 2010 mwendesha mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, Luis Moreno Ocampo, aliwataja washukiwa sita, na miongoni mwao walikuwemo Uhuru na Ruto. Kesi hizo, ambazo mwishowe ziliporomoka, ziliwapa watu wa pande mbili zilizopigana simulizi moja: watoto wetu wanapelekwa Hague. Muungano wa Jubilee ulijengwa juu ya hofu hiyo na juu ya hamu ya kweli ya amani katika Bonde la Ufa, na Uhuru akatangazwa mshindi kwa asilimia 50.07. Sijasema kwamba simulizi hilo lilikuwa la haki. Waathiriwa waliachwa nje yake. Nasema lilikuwa na nguvu za kuvusha watu.

Linganisha na salamu za 2018. Uhuru na Raila walikubaliana, lakini wafuasi wao walipewa adui gani wa pamoja? Waliletewa ripoti ya BBI, mapendekezo ya kupanua serikali na kubadilisha Katiba, ambayo mahakama tatu zilizima, ya mwisho ikiwa Mahakama ya Juu mnamo Machi 2022. Ruto kwa upande wake aliwapa watu simulizi jipya lililotua vizuri juu ya lile la zamani. Alisema huku kuna hasla, mtu wa mkokoteni na kibanda, na kule kuna wana wa wakubwa, mtoto wa rais wa kwanza akishirikiana na mtoto wa makamu wa kwanza wa rais. Nembo ya UDA ikawa wilibaro.

Hapa kuna ubishi ambao haujaisha: je, 2022 ulikuwa uchaguzi wa matabaka? Kwa sehemu tu, kwa maoni yangu. Hasla wa Kondele, Kisumu, alikuwa na dhiki ile ile ya hasla wa Karatina, Nyeri, lakini yule wa Kondele alimpigia Raila bila kusita. Lugha ya tabaka ilifanya kazi pale ilipokubaliana na sababu nyingine ambazo watu walikuwa nazo tayari. Mlimani iliwapa watu njia ya heshima ya kumkataa Uhuru bila kujiona wasaliti.

Na sasa tufike kwenye takwimu, maana ndizo zinazonifanya nisiamini hadithi ya watu kuhama kwa makundi.

Agosti 2017 Uhuru alitangazwa kuwa na kura 8,203,290, na Raila 6,762,224. Uchaguzi huo ulibatilishwa na Mahakama ya Juu tarehe 1 Septemba, kwa hiyo takwimu zake zichukuliwe kwa tahadhari, lakini ndizo tulizonazo. Mwaka wa 2022 Ruto alipata 7,176,141, na Raila 6,942,930. Weka pembeni nani alimrithi nani, utazame kambi. Kambi iliyokuwa ya Jubilee ilipungukiwa na kura zaidi ya milioni moja. Raila, akiwa na rais aliye madarakani upande wake, aliongeza takriban 180,000 tu. Zilizobaki zilikwenda wapi?

Nyingi zilibaki nyumbani. Waliojitokeza kupiga kura walishuka kutoka karibu asilimia 80 hadi karibu 65, ingawa sajili ilikuwa imekua kutoka watu milioni 19.6 hadi milioni 22.1. Wakenya wapatao milioni 7.8 walikuwa wamejiandikisha na hawakutokea. Hao ni wengi kuliko waliompa Ruto urais. Kumbuka kwamba tofauti kati ya Ruto na Raila ilikuwa kura 233,211, na kwamba Ruto aliivuka nusu ya kura halali kwa takriban kura 70,000. Kwa mizani hiyo, anayelala nyumbani siku ya uchaguzi ana uzito kuliko kigogo anayehamia kambi na msafara wa magari.

Hesabu hii ni ya jumla, na jumla huficha. Raila alipata kura Mlimani ambazo hakuwahi kuzipata, na akapoteza nyingine kwingine. Lakini picha yake kubwa haibadiliki: kiongozi akivuka, mfuasi wake ana njia tatu. Anaweza kuvuka naye, anaweza kukataa na kubaki pale simulizi lilipomwacha, au anaweza kukaa zake kitako. Njia ya kwanza ndiyo inayotangazwa kwa vishindo, na ndiyo yenye watu wachache kama hakuna adui wa pamoja ng'ambo ya pili.

Magharibi ilitoa ushahidi mwingine. Januari 2022 Musalia Mudavadi aliitisha mkutano ukumbi wa Bomas, Nairobi, akiahidi "tetemeko", kisha akaingia kambi ya Ruto pamoja na Moses Wetang'ula. Mkataba wa Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, uliwatengea asilimia 30 ya serikali. Siku ya kura Wetang'ula alileta Bungoma. Vihiga, nyumbani kwa Mudavadi, ilimchagua Raila, na Kakamega vilevile. Hata hivyo Mudavadi alipewa cheo cha Mkuu wa Mawaziri na Wetang'ula akawa Spika wa Bunge. Mkataba ulikuwa wa wenyewe kwa wenyewe, nao waliuheshimu.

Ukitaka kuona masimulizi haya yakigongana, nenda bustani ya Jeevanjee katikati ya Nairobi saa za chakula cha mchana. Watu husimama duara chini ya miti, mmoja ana gazeti lililokunjwa, mwingine ana mfuko wa karatasi za kutafutia kazi, na wanabishana. Sikiliza vizuri. Ni nadra mtu kuuliza mgombea atafanya nini na deni la taifa. Mara nyingi wanauliza nani alimdanganya nani 2013, nani alifungia nani mlango 2018, na zamu hii ni ya nani. Mizani ya madeni, ndivyo mjadala unavyokwenda. Wagombea wanalijua hilo. Tarehe 26 Julai 2022 Raila hakufika kwenye mdahalo wa urais, Ruto akabaki jukwaani peke yake akihojiwa na wanahabari, na sioni dalili yoyote kwamba kura ziliyumba kwa sababu hiyo. Ukishaamini kwamba mtu fulani akiingia utaumia, kutokuja kwa mtu wako kwenye mdahalo ni jambo dogo, na utapata wa kulitetea kabla jua halijatua.

Ndipo tunafika siasa za sasa, ambako kila kitu kimepinduliwa.

Mwaka wa 2023 Rigathi Gachagua, akiwa Naibu Rais, alisema hadharani kwamba serikali ni kama kampuni yenye wenye hisa, na waliowekeza zaidi ndio watakaovuna zaidi. Mlimani wengi walicheka wakapiga makofi. Nyanza, Pwani na Ukambani walisikia kitu kingine kabisa: kwamba ninyi hammo. Oktoba 2024 maneno hayo yalikuwa miongoni mwa mashtaka Bunge lilipomng'oa. Wabunge 281 waliunga mkono hoja tarehe 8, na tarehe 17 Seneti ikamkuta na hatia katika mashtaka matano kati ya kumi na moja. Kithure Kindiki wa Tharaka Nithi akachukua nafasi. Ni mtu wa Mlima pia, lakini Mlima mwingi ulilichukua tukio hilo kama usaliti. Ruto aliyelipwa deni akawa Ruto anayedaiwa.

Kabla ya hapo kulikuwa na Juni 2024. Vijana waliandamana kupinga Mswada wa Fedha, tarehe 25 waliingia Bungeni, polisi wakafyatua risasi, watu wakafa, na kesho yake Ruto akasema hatautia sahihi mswada huo. Walijitangaza kuwa hawana kabila, hawana kiongozi, hawana chama. Wiki chache baadaye Ruto aliwaita watu wa ODM serikalini: John Mbadi Hazina, Hassan Joho Madini, Opiyo Wandayi Kawi, Wycliffe Oparanya Ushirika. Machi 7, 2025 Ruto na Raila walitia sahihi makubaliano rasmi ya kushirikiana katika ukumbi wa KICC, Nairobi. Watu wa Nyanza, waliokuwa wakipigwa vitoza machozi na risasi katika maandamano ya Azimio mwaka wa 2023, wakaambiwa serikali ile sasa ni yao.

Mei 2025 Gachagua akazindua chama chake, DCP. Huku kukawa na kilio cha "Wantam", muhula mmoja tu kwa Ruto, kule kukajibiwa "Tutam", mihula miwili. Uhuru, aliyepuuzwa 2022, akaanza kutajwa tena Mlimani kwa upole, na chama chake cha Jubilee kikamsimamisha Fred Matiang'i, waziri wake wa zamani kutoka Gusii. Kalonzo Musyoka, kigogo wa Ukambani, naye yumo upande wa upinzani. Halafu tarehe 15 Oktoba 2025 Raila akafariki India akiwa na miaka 80, na masimulizi yaliyokuwa yamejengwa juu yake kwa miaka thelathini, ya kumpenda na ya kumwogopa, yakabaki bila mwenyewe.

Kifo hicho kinagusa pande zote mbili. Mlimani, Raila ndiye aliyekuwa mtu wa kutishia watoto. Bila yeye, kizuizi kikubwa kati ya mpiga kura wa Mlima na upinzani kimeondoka. Nyanza, Raila ndiye aliyeweza kusema "tuko na Ruto" na watu wakamwamini kwamba ana mpango. Kaka yake Oburu Oginga alichukua uongozi wa ODM, lakini hakuna aliyerithi imani hiyo yote, na ndani ya chama wapo waliosema wazi kwamba makubaliano ya KICC hayakuwa ahadi ya 2027.

Nitumie kipimo kile kile: je, kuna adui wa pamoja? Kwa upande wa Mlima, Ukambani na sehemu za Gusii yupo, ni Ruto. Kwa hiyo huko kuvuka kwenda kwa mgombea wa jamii nyingine kunawezekana, tofauti na 2022, mradi vinara wakubaliane nani asimame, jambo ambalo mara nyingi ndipo hukwama. Kwa upande wa Nyanza mambo yana utata zaidi. Ruto hawezi kuwa adui na mshirika kwa pamoja. Kinachoweza kuwavusha wapiga kura wa huko hadi debeni kwa ajili yake ni hofu ya Gachagua na zile hisa zake, na watu wa UDA wanalijua hilo, ndiyo maana kila Gachagua anapozungumza wao huyarudia maneno yake kwa sauti kubwa. Kama hofu hiyo haitatosha, Nyanza haitaruka kwenda upinzani. Itakaa nyumbani, na Ruto atakuwa amepata vinara bila wapiga kura, kama Raila alivyompata Uhuru.

Chaguzi ndogo za tarehe 27 Novemba 2025 zilionyesha kidogo. Mbeere North, Embu, pembezoni mwa Mlima, UDA ilishinda kiti cha ubunge kwa tofauti isiyofika kura 1,000, licha ya serikali kumwaga kila ilicho nacho na upinzani vilevile. Kila upande uliondoka ukisema matokeo yanauthibitisha. Chaguzi ndogo hupigwa na watu wachache na pesa nyingi, kwa hiyo sizipi uzito mkubwa, ila kwa jambo moja: eneo ambalo 2022 lilikuwa la Ruto bila ubishi sasa linahitaji kupiganiwa kijiji kwa kijiji.

Vijana wa 2024 ndio swali ambalo hakuna anayelijibu kwa uhakika. Mwaka wa 2022 vijana wa miaka 18 hadi 34 walikuwa karibu asilimia 40 ya sajili, chini kuliko 2017, ingawa idadi yao nchini ilikuwa imeongezeka. Msimu wa kwanza wa kuandikisha watu kwa wingi, mwishoni mwa 2021, tume ya uchaguzi, IEBC, ililenga wapiga kura wapya milioni 6 ikapata takriban milioni 1.5. Wapo wanaosema maandamano yamebadilisha hilo. Huenda. Lakini mtu asiye na kabila, kiongozi wala chama bado anahitaji kujiandikisha, na anahitaji pia jina la kuweka alama kwenye karatasi ya kura.

IEBC ilifungua tena usajili tarehe 29 Septemba 2025 ikiwa na lengo la watu milioni 6.3 kabla ya tarehe 10 Agosti 2027. Takwimu zake kwa kila kaunti ni kavu na haziimbwi mikutanoni. Ila anayetaka kujua mapema kama Nyanza imevuka, kama Mlima umekasirika kweli, au kama vijana wa Nairobi walimaanisha walichokiimba barabarani, atayapata huko kabla hayajafika kwenye tafiti za maoni: azitazame Siaya na Homa Bay, azilinganishe na Murang'a na Kiambu, kisha aangalie ni wangapi wa umri wa miaka 18 hadi 25 walioingia Embakasi na Kasarani.